Ushindani si Uadui: Jinsi Vita Vikuu Vilivyofika Ziwa Tanganyika

Katika somo la tafsiri la mwaka wa pili tuliwapa wanafunzi aya moja ya Kifaransa iliyohusu chanzo cha Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Aya hiyo ilianza kwa kutaja les rivalités entre les puissances. Karibu darasa zima liliandika "uadui baina ya mataifa makubwa". Wachache waliandika "wivu". Mmoja, ambaye ni mkazi mwenzetu wa Cibitoke, alikuwa ameandika "ushindani", kisha akalikata neno hilo kwa kalamu na kuweka "uadui" juu yake. Tulipomwuliza kwa nini alilikata, alijibu kwamba ushindani ni mambo ya mpira, na watu hawauani kwa sababu ya mpira.

Darasa lilicheka, nasi tulicheka. Lakini jibu lile halikututoka akilini. Ikiwa mataifa yalikuwa na uadui tangu mwanzo, basi vita havihitaji kuelezwa: maadui hupigana, basi. Lakini ikiwa yalikuwa na ushindani tu, hatuna budi kueleza ni lini na kwa njia gani washindani waligeuka maadui. Kirundi chetu kinatenganisha mambo hayo vizuri. Guhiganwa ni kushindana, na wanaohiganwa wanaweza kula pamoja jioni. Umwansi ni mtu mwingine kabisa. Kwa hiyo makala haya yanauliza swali la mfasiri, lakini jibu lake tutalitafuta katika historia, na hasa katika historia ya ziwa na mto tulio nao jirani.

Tuanzie hapa tulipo. Mtu akitoka Cibitoke akaelekea magharibi, akaipita Buterere na uwanja wa ndege, anaingia katika tambarare ya Imbo, na baada ya mwendo usio mrefu anaukuta mto Rusizi na mpaka wa Kongo. Wanafunzi wetu wengi huudhani mpaka huo kuwa wa kale kama mto wenyewe. Sivyo. Mwaka 1885, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alipotangaza mipaka ya Dola Huru la Kongo, upande wa mashariki ulikatwa kwa rula. Mstari mnyoofu ulitoka ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, yaani hapa kwetu, ukaenda hadi mahali ambapo longitudo ya digrii 30 mashariki inakutana na latitudo ya digrii 1 na dakika 20 kusini. Kwa mstari huo tambarare ya Rusizi pamoja na magharibi yote ya Rwanda vilikuwa mali ya Leopold. Waliouchora hawakuwa wamefika huku. Mwami Mwezi Gisabo, ambaye katika miaka hiyo alikuwa na kazi ya kuwarudisha nyuma watu wa Rumaliza waliotoka Ujiji, hakuwa na habari kwamba nchi yake imekwishakatwa kwenye karatasi.

Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alivuka Rwanda kutoka mashariki na kufika Ziwa Kivu. Ziwa zuri, nchi yenye watu wengi, na kwa mujibu wa mstari wa rula, yote si ya Ujerumani. Jambo hilo halikuwapendeza wenzake. Mwaka huohuo, tarehe 12 Mei, Uingereza ilitia saini mkataba na Leopold wa kukodi ukanda wa kilomita 25 kwa upana, kutoka bandari ya kaskazini kabisa ya Ziwa Tanganyika hadi kusini mwa Ziwa Edward. Waingereza walikuwa wanaota njia yao wenyewe kutoka Rasi ya Tumaini Jema mpaka Kairo, na katikati ya ndoto hiyo ndipo tulipo sisi. Ujerumani ikapinga kwa nguvu, maana haikutaka kumwona Mwingereza mbele yake na nyuma yake. Kabla mwezi Juni haujaisha, kipengele hicho kilifutwa. Pengine, kama si upinzani ule, jirani zetu wa Uvira leo wangekuwa wanatuandikia kwa Kiingereza.

Kisha ikaja zamu ya Wajerumani kusogea. Mwaka 1897 askari wa Kongo waliokuwa katika msafara wa Baron Dhanis waliasi, na uasi huo ukavitikisa vituo vya Leopold vya mashariki, pamoja na vile vya bonde la Rusizi. Wajerumani hawakuingoja nafasi hiyo mara mbili. Mwaka huohuo walijenga ngome yao Usumbura, ambayo ndiyo Bujumbura yetu, na baada ya muda mfupi walikuwa wanadai nchi yote mpaka mtoni. Wabelgiji waliporudi waliwakuta wenyeji wapya. Hapo ndipo mtu angetarajia risasi. Badala yake, mwezi Novemba 1899, ofisa wa Kijerumani Bethe na ofisa wa Kibelgiji Hecq walikaa wakaandikiana makubaliano: kila mmoja abaki alipo mpaka wakubwa wa Ulaya waamue.

Wakubwa hawakuwa na haraka. Miaka kumi ilipita. Mwaka 1909 Waingereza nao wakaingia ugomvini, wakamtuma Kapteni Coote kutoka Uganda na kikosi chake hadi karibu na Kivu, ambako alikutana uso kwa uso na majeshi ya Kongo yaliyoongozwa na Olsen, Mdenmark aliyeajiriwa na Wabelgiji. Tunaomba msomaji alikumbuke jina la Olsen. Kwa miezi kadhaa majeshi hayo mawili yalitazamana. Kisha wajumbe wa nchi tatu wakakutana Brussels mwezi Februari 1910, na mwezi Mei wakawa wamekubaliana. Uingereza ilipata Bufumbira. Ubelgiji, ambayo mwaka 1908 ilikuwa imeichukua Kongo kutoka mikononi mwa mfalme wake, ilipata kisiwa cha Idjwi na magharibi ya Kivu. Ujerumani ilipata ukingo wa mashariki wa Rusizi. Mkataba wa Ujerumani na Ubelgiji ulitiwa saini tarehe 11 Agosti 1910.

Hapa tunataka kutua kidogo, kwa sababu ndipo ulipo uzito wa hoja yetu. Tangu mstari wa rula hadi mkataba huo ni miaka 25. Katika muda huo mataifa hayo matatu yaligombea bonde hili hili, yakadanganyana, yakanyang'anyana vituo, yakatishana kwa askari. Lakini hayakupigana vita. Yalimaliza kwa karatasi, kwa wapimaji ardhi na kwa nguzo za mpaka. Huo ndio ushindani kwa maana yake halisi: kila upande unataka kushinda, lakini pande zote zinaukubali uwanja na zinamkubali mwamuzi. Mwanafunzi wetu alipotaja mpira hakuwa mbali sana.

Sheria za uwanja huo, hata hivyo, hazikumhusu mwenye uwanja. Mwami Mwezi Gisabo hakuitwa Brussels wala Berlin. Kwake yeye hakukuwa na mkutano. Kapteni von Beringe alimjia na bunduki na pia na wapinzani wake wa ndani, Kilima na Maconco, mpaka Mwami akaukubali mkataba wa Kiganda tarehe 6 Juni 1903. Mzungu kwa Mzungu waliandikiana. Mzungu kwa Mwami walitumia mzinga. Mwezi Gisabo alifariki mwaka 1908, miaka miwili kabla ya wengine kukubaliana nchi yake inaishia wapi.

Basi, ikiwa ugomvi wa Rusizi ulikwisha mwaka 1910, kwa nini mwaka 1914 watu walianza kuuana juu ya ziwa lilelile?

Vitabu vingi vya shule husema kwamba mataifa ya Ulaya yaliingia vitani kwa kugombea makoloni. Sisi hatukubaliani na sentensi hiyo kama ilivyo. Makoloni yaligombewa kweli, lakini mara nyingi yalikuwa ndiyo kitu kilichotolewa ili kuepuka vita. Waingereza na Wafaransa walikaribia kupigana Fashoda mwaka 1898, wakaachana, na mwaka 1904 wakapatana kabisa, Misri kwa huyu na Moroko kwa yule. Waingereza na Wajerumani walizungumza mara mbili, mwaka 1898 na tena mwaka 1913, jinsi ya kugawana Angola na Msumbiji iwapo Ureno ingeshindwa kulipa madeni yake. Ugomvi wa Agadir wa mwaka 1911 ulimalizwa kwa kuipa Ujerumani kipande cha Kongo ya Wafaransa. Ubelgiji ilikuwa inayatazama haya yote kwa hofu, maana nchi ndogo yenye koloni kubwa hujiuliza lini zamu yake itafika.

Kilichobadilika ni jinsi mataifa yalivyofungamana. Ujerumani ilikuwa na Austria-Hungaria na Italia tangu mwaka 1882. Ufaransa, ambayo haikuwa imesahau kupokonywa Alsace na Lorraine mwaka 1871, ilifunga mkataba na Urusi uliokamilika mwaka 1894. Uingereza ilijisogeza kwa Ufaransa mwaka 1904 na kwa Urusi mwaka 1907, hasa baada ya kuona Ujerumani inajenga manowari kubwa kila mwaka. Kila mkataba uliitwa wa kujikinga. Tukitumia mfano wa nyumbani, wenye maduka mawili kwenye avenyu moja wanaweza kushindana miaka yote kwa bei ya sukari, na wateja wakafaidika. Lakini siku kila mmoja atakapokwenda kuwaleta kaka na shemeji zake walinde duka, bei ya sukari haitakuwa tena neno la bei. Mtoto akivunja kioo, ukoo mzima utatoka. Na yule anayeona upande wa pili unaongeza shemeji kila mwaka ataanza kufikiri kwamba kama ni kupigana, heri leo kuliko kesho. Hilo la "heri leo" lilisemwa sana katika makao makuu ya jeshi la Ujerumani, ambako walihofu kwamba Urusi ikiachwa miaka michache zaidi itakuwa haishindiki.

Tarehe 28 Juni 1914 mrithi wa kiti cha Austria aliuawa Sarajevo. Tarehe 4 Agosti majeshi ya Ujerumani yaliingia Ubelgiji, nchi ambayo tangu mwaka 1839 ilikuwa imeahidiwa na mataifa hayohayo kwamba haitaguswa, na siku hiyohiyo Uingereza ikaingia vitani. Wiki tano zilitosha. Sarajevo haina uhusiano wowote na Usumbura. Uhusiano uliletwa na wale shemeji.

Hata hapo, huku kwetu palikuwa na mlango wa kutokea. Mkataba wa Berlin uliotiwa saini tarehe 26 Februari 1885 ulikuwa na sehemu iliyoruhusu nchi za bonde la Kongo, ambalo kwa mujibu wa mkataba lilifika mpaka pwani ya Bahari ya Hindi, ziwekwe nje ya vita vya wenye nchi hizo iwapo pande zote zitaridhia. Tarehe 7 Agosti 1914 Ubelgiji yenyewe iliziomba Ufaransa na Uingereza sehemu hiyo itumike. Gavana Schnee wa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani naye hakutaka vita katika koloni lake, ingawa kamanda wake Lettow-Vorbeck alivitaka sana. Kesho yake, tarehe 8, manowari ya Kiingereza Astraea iliupiga mizinga mnara wa simu ya upepo wa Dar es Salaam. Tarehe 15 Wajerumani waliiteka Taveta. Tarehe 22 meli ya Kijerumani Hedwig von Wissmann ilivuka Ziwa Tanganyika ikaishambulia na kuiharibu meli ya Kibelgiji Alexandre Delcommune huko Lukuga, karibu na Kalemie ya leo. Ujerumani ilipopeleka ombi lake la kutaka Afrika iachwe nje, kwa kupitia Marekani, risasi zilikuwa zimekwishalia na hapakuwa na aliyesikiliza.

Tukiyatazama matendo hayo moja moja, kila mtendaji alikuwa na sababu ya kujikinga. Mwingereza aliogopa mnara usizielekeze manowari za Ujerumani baharini. Mjerumani aliogopa meli ya Mbelgiji isije ikapakia askari. Mbelgiji akaogopa kwamba, baada ya meli, zamu itakuwa ya nchi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na dai jipya juu ya Rusizi. Mpaka ulikuwa umepimwa.

Vyombo vya biashara ndivyo vilivyogeuzwa kwanza. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914. Wabelgiji walikuwa wanajenga yao kuelekea Lukuga, nayo ilifika mwaka 1915. Hizo zilikuwa reli za kushindania mali ya Kongo, shaba na pembe, kila upande ukitaka mzigo upite kwake. Mwaka 1913, katika mji wa Papenburg, Wajerumani walijenga meli ya abiria na mizigo, wakaifungua vipande vipande, wakaipakia katika makreti karibu 5,000, wakaileta kwa bahari na reli mpaka Kigoma. Waliipa jina la Graf von Götzen, yule yule aliyelifikia Ziwa Kivu mwaka 1894. Iliposhushwa majini mwaka 1915 ilikuwa imekwishakuwa chombo cha vita, na baadaye ilifungwa mzinga uliotolewa katika manowari Königsberg, iliyoangamia katika delta ya Rufiji mwezi Julai mwaka huo. Waingereza nao wakaleta mashua mbili ndogo za mota, Mimi na Toutou, kutoka Uingereza hadi Cape Town, kwa reli hadi Katanga, na kwa kukokotwa na mashine za mvuke, maksai na watu juu ya milima ya Mitumba. Tarehe 26 Desemba 1915 mashua hizo ziliikamata Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 zikaizamisha Hedwig von Wissmann. Masimulizi ya Kiingereza hupenda sana kisa hiki kwa sababu kinachekesha, na kamanda wao, Spicer-Simson, alikuwa na vituko vyake. Waliozibeba mashua milimani hawakuandika chochote.

Hapa wanafunzi wetu huleta methali ya fahali wawili na nyasi. Kila insha ya vita huishia hapo. Methali ni nzuri, lakini tumeanza kuichoka, maana inatufanya tudhani kwamba watu wa huku walikuwa wamelala chini wakikanyagwa. Nyasi hazibebi mizigo. Jeshi la Wabelgiji peke yake lilitumia wapagazi wapatao 260,000 katika vita hivyo, na wale wa Waingereza walizidi hao mara kadhaa. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni majina ya kikosi hicho cha wapagazi, yaliyotamkwa Kiswahili mpaka yakasahaulika yalikotoka. Askari wa Kijerumani walipewa amri kwa Kiswahili, na ng'ambo ya Rusizi wapagazi wengi walizungumza Kingwana. Kwa maneno mengine, watu waliosikilizana lugha walifyatuliana risasi kwa ajili ya watu wasiosikilizana. Sisi tunaofundisha Kiswahili huwa tunakisifu kama lugha ya umoja. Ni vema tukumbuke pia kilikuwa lugha ya amri katika vita hivyo.

Kwenye Rusizi penyewe mapigano hayakuwa makubwa kwa hesabu za Ulaya, lakini yalichukua karibu miaka miwili. Septemba 1914 Wajerumani waliteka Idjwi. Septemba 1915 waliishambulia Luvungi, upande wa Kongo. Hapa inafaa tueleze, kwa ajili ya wasomaji wa nje, kwamba kuna Cibitoke mbili: hii yetu ya Bujumbura, na ile iliyokuwa mkoa kaskazini magharibi mwa nchi, ambayo Luvungi inatazamana nayo. Mwezi Aprili 1916 Jenerali Tombeur alianza kuvuka. Kigali ilitekwa tarehe 6 Mei. Brigedi ya kusini iliongozwa na Olsen, yule Mdenmark wa mwaka 1909, aliyewahi kumtazama Mwingereza kwa miezi bila kupigana naye, na ambaye sasa alikuwa mshirika wa Waingereza dhidi ya Wajerumani. Usumbura iliangukia mikononi mwa Wabelgiji tarehe 6 Juni 1916, miaka 13 kamili, siku kwa siku, tangu mkataba wa Kiganda. Gitega ilifuata katikati ya mwezi huo, Kigoma mwishoni mwa Julai, na Tabora tarehe 19 Septemba. Burundi ilikuwa na Mwami mtoto, Mwambutsa, aliyetawazwa Desemba 1915 baada ya kifo cha baba yake Mutaga. Kaskazini magharibi mwa Rwanda njaa ya Rumanura iliwamaliza watu baada ya majeshi kupita.

Na Ubelgiji iliitaka Burundi kwa ajili gani? Hili huwashangaza wanafunzi kuliko yote. Haikuitaka sana. Ilikusudia kuzitumia nchi hizi ilizozikalia kama fedha ya kubadilisha: Waingereza wapewe huku, Wareno wafidiwe kwingine, na Wabelgiji wapate kutoka kwa Wareno ukingo wa kusini wa mdomo wa mto Kongo, kilomita nyingi mno kutoka hapa. Ureno haikukubali. Kwa mapatano ya Milner na Orts ya tarehe 30 Mei 1919, Ubelgiji ilibaki na Rwanda na Burundi, baadaye chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, na Bugufi ikakatwa kutoka Burundi ikaenda Tanganyika, ambako leo ni sehemu ya Ngara. Fedha ambayo haikupata mnunuzi ikawekwa mfukoni. Ndivyo tulivyopata Kifaransa ambacho aya ya mtihani wetu iliandikwa kwacho.

Tulisema kwamba mwanafunzi aliyelikata neno lake ni wa Cibitoke. Huenda hiyo ni sehemu ya jibu. Waliokuwa hapa kati ya mwaka 1993 na 1996, nasi tulikuwa vijana wadogo wakati huo, hawahitaji ramani ya Berlin ili kujua jinsi barabara inavyogeuka mpaka. Cibitoke na Kamenge zilikuwa zinashindana kwa mpira, kwa baa, kwa arusi. Kisha mtu akawa haulizwi tena amefanya nini; anaulizwa analala upande gani wa barabara. Kijana aliyezaliwa baada ya hapo amesikia mambo hayo nyumbani, na pengine kwake neno "ushindani" lina sauti ya watu wazima wanaoficha jambo.

Lakini mambo huenda pia kwa njia nyingine, na ni haki tuiseme. Katika vita vilivyoanza Kongo Agosti 1998, ambavyo wengine huviita Vita Vikuu vya Afrika, Rwanda na Uganda ziliingia zikiwa washirika. Mwezi Juni 2000 majeshi yao yalipigana siku sita ndani ya Kisangani, mji ambao si wa yeyote kati yao. Hapo ushindani ulizaliwa ndani ya urafiki. Februari 2025, baada ya Goma na Bukavu kutekwa, maelfu ya Wakongo walivuka Rusizi kuingia upande wetu, wengine kwa kuogelea. Mto uliopimwa mwaka 1910 ulikuwa umejaa watu.

Ile meli ya Papenburg bado ina sehemu yake katika habari hii. Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na Kigoma mwezi Julai 1916, baada ya kuipaka mitambo yake grisi ili isiharibike, kwa kuwa walidhani watarudi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya, Liemba. Mwezi Mei 2015, Warundi waliokimbia machafuko walipojazana katika kijiji cha Kagunga, ufukweni mwa ziwa upande wa Tanzania, Liemba ndiyo iliyowachukua kuwapeleka Kigoma. Baadhi yao walikuwa wametoka kartie hii yetu.

Tukirejea kwenye karatasi ya mwanafunzi, tulimpa alama kamili kwa neno alilolikata, na nusu kwa lile aliloliandika juu yake. Amekata rufaa. Anasema kwamba "ushindani" linafaa kwa mwaka 1910 na "uadui" kwa tarehe 22 Agosti 1914, lakini aya ya Kifaransa inazungumzia miaka iliyo katikati, na kwa miaka hiyo hana neno. Tulimpendekezea "uhasama", naye akajibu kwamba mahasimu bado wanaweza kwenda kwa hakimu. Mpaka tunaandika haya hatujampa jibu. Wenzetu wa idara walio na neno walilete.